Mtoto anaposoma neno, anatambua nini hasa?

Andika kwenye karatasi neno "lubeki". Halina maana yoyote. Nimelibuni sasa hivi. Mpe mtoto wa darasa la pili alisome. Akilisoma, hata kwa kusitasita, lu... be... ki, basi huyo anajua kusoma na kilichobaki ni mazoezi. Akikutazama usoni akitafuta jibu, au akataja neno jingine analolijua linaloanza na "lu", ujue bado kuna kazi, hata kama jana alikusomea ukurasa mzima wa kitabu chake bila kukosea.

Nyuma ya jaribio hilo dogo kuna mabishano ya zaidi ya miaka mia moja. Je, mtoto afundishwe kulitambua neno zima kwa kulitazama, kama anavyoitambua sura ya shangazi yake? Au afundishwe herufi na sauti zake, halafu aliunge neno mwenyewe? Wazazi wengi wanaingia kwenye mabishano haya bila kujua kwamba yapo. Unanunua boksi la kadi za rangi, kila kadi ina picha upande mmoja na neno upande wa pili. Mtoto wa miaka mitatu anakariri kadi 30, anarekodiwa, video inarushwa kwenye kundi la familia, bibi anatuma makofi. Sitaki kumharibia bibi furaha, lakini swali lipo pale pale: mtoto yule anasoma, au anataja majina ya kadi?

Mwaka 1984 watafiti watatu wa Marekani, Patricia Masonheimer, Priscilla Drum na Linnea Ehri, walilijibu kwa namna ya kuchekesha. Waliwachukua watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao walikuwa hodari wa kutaja maandishi ya mitaani: nembo za vinywaji, mabango ya migahawa na kadhalika. Kisha wakabadilisha herufi moja moja. Neno "Pepsi" likawa "Xepsi", rangi na mchoro vikaachwa vilevile. Watoto wengi waliendelea kusema "Pepsi" bila kushtuka. Walipoulizwa kama kuna kitu kimekosewa, bado hawakukiona. Walichokuwa wakikitambua ni rangi, duara na mkunjo wa mchoro. Herufi zilikuwa mapambo tu. Watoto wetu wanafanya hivyohivyo na kibanda cha M-Pesa au chupa ya Azam. Ni dalili nzuri ya macho na akili, na inaonyesha mtoto ameanza kuelewa kwamba maandishi yana ujumbe. Kusoma kwenyewe hakujaanza.

Kosa lililoanzia maabara

Wazo la kufundisha maneno mazima halikuzuliwa na wauza kadi. Lilitokana na sayansi halali kabisa, ila likatafsiriwa vibaya. Mwaka 1886 James McKeen Cattell, Mmarekani aliyekuwa akisoma Leipzig, Ujerumani, katika maabara ya Wilhelm Wundt, aliripoti kwamba mtu mzima anayejua kusoma hulitambua neno fupi kwa muda unaokaribia sana ule anaoutumia kutambua herufi moja. Waelimishaji wakashika hapo. Kama msomaji stadi halioni neno herufi kwa herufi, walisema, kwa nini tumchoshe mtoto na herufi? Tumpe neno zima tangu mwanzo.

Hoja hiyo ina tundu. Inamtazama mtu aliyekwisha kufika, halafu inamwambia anayeanza aruke safari. Lakini ilipendwa. Kuanzia miaka ya 1930 shule za Marekani zilijaa vitabu vya Dick na Jane, ambamo maneno machache yanarudiwarudiwa mpaka yagande kichwani. Mwaka 1936 Edward Dolch akatoa orodha ya maneno 220 ya Kiingereza yanayojitokeza mara kwa mara katika vitabu vya watoto. Orodha hiyo bado inachapwa kwenye kadi na chati hadi leo, na zile zinazobandikwa kwenye kuta za shule zetu nyingi za awali za Kiingereza ni wajukuu wake. Mwaka 1955 Rudolf Flesch akaandika kitabu kikali kuwaambia wazazi wa Marekani kwamba watoto wao hawasomi kwa sababu hawajafundishwa sauti za herufi. Moto ukawaka, haukuzimika. Mwaka 1967 Kenneth Goodman akaja na nadharia kwamba kusoma ni aina ya mchezo wa kubahatisha: msomaji hutumia picha, maana ya sentensi na vidokezo vichache vya herufi kukisia neno linalofuata. Kizazi cha walimu kikafundishwa kumwambia mtoto aliyekwama, "Tazama picha. Unadhani ni neno gani?"

Matokeo ya utafiti yaliendelea kurundikana upande mmoja. Jopo la kitaifa la Marekani lililopitia tafiti hizo lilitoa ripoti mwaka 2000 likisisitiza ufundishaji wa sauti na herufi kwa mpangilio. Uingereza ilipata ripoti ya Jim Rose mwaka 2006, na tangu 2012 watoto wa mwaka wa kwanza katika shule za England hupimwa kwa maneno 40, ambayo 20 kati yake ni ya kubuni, ndugu za "lubeki". Sababu ya kuyaweka yale ya kubuni ni rahisi: neno ambalo halipo huwezi kuwa umelikariri.

Waingereza wana kisingizio ambacho sisi hatuna. Maandishi yao yamejaa mitego. Neno "one" halisomwi linavyoandikwa, wala "two", wala "said". Mwalimu wa Kiingereza akiamua kumkaririsha mtoto maneno kadhaa ya namna hiyo, naelewa kwa nini. Hata hivyo, ndani ya "said" herufi ya kwanza na ya mwisho zinafanya kazi yake ya kawaida. Kinachosumbua ni kipande cha katikati tu. Mtoto anayejua sauti hukamata kipande hicho kimoja, asiyejua hubeba neno lote kama mzigo.

Basi msomaji stadi anafanyaje?

Cattell hakudanganya. Wewe unayesoma hapa hukai kuunga sauti. Unaona "mwalimu" na neno linakuja lenyewe, hata usipotaka. Swali ni kitu gani kimehifadhiwa kichwani.

Si umbo la nje la neno. Angalia hili: mWaLiMu. Bila shaka hujawahi kuliona neno hilo likiwa na umbo la vilima na mabonde namna hiyo, na bado umelisoma. Kama ungekuwa unatambua picha ya neno, lingekushinda. Ulichotambua ni herufi zenyewe na mpangilio wake, zote kwa pamoja, kwa kasi inayokufanya udhani hukuzitazama.

Linnea Ehri, yule wa Xepsi, alitumia miaka mingi kueleza jinsi hali hiyo inavyojengeka. Mtoto anapolisoma neno kwa kuunga sauti, anafunga vitu vitatu pamoja: herufi anazoziona, sauti anazozitoa na maana anayoijua tayari kutoka kwenye mazungumzo. Akilisoma hivyo mara chache, fundo linakaza, na siku nyingine akiliona neno linafumbuka papo hapo. David Share, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Haifa, aliongeza jambo mwaka 1995 ambalo kila mwalimu wa darasa la kwanza angelipenda: kila mara mtoto anapofaulu kuunga neno jipya mwenyewe, anajifundisha. Mwalimu hawezi kumfundisha mtoto maelfu ya maneno moja moja. Anampa ufunguo, mengine mtoto anayafungua peke yake.

Upande wa ubongo, Stanislas Dehaene na Laurent Cohen wa Ufaransa wameonyesha kwamba kuna eneo dogo upande wa kushoto, chini kuelekea kisogoni, ambalo kwa msomaji huitikia maandishi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 walipima watu wazima wa Brazili na Ureno: ambao hawakwenda shule, waliojifunza kusoma ukubwani na waliosoma tangu utotoni. Kadiri mtu alivyosoma vizuri zaidi ndivyo eneo hilo lilivyoitikia zaidi, na waliojifunza ukubwani nao walikuwa nalo. Hakuna mtoto anayezaliwa na sehemu ya kusomea. Inatengenezwa, na inatengenezwa kwa kusoma.

Kwa hiyo kutambua neno kwa kulitazama ni jambo la kweli na ndilo tunalolitaka. Ila ni tunda la kuunga sauti. Anayelifuata moja kwa moja bila kupanda mti anaokota yaliyoanguka.

Kiswahili kina ugonjwa wake

Mabishano yote hayo yalizuka kwenye Kiingereza, na hapa ndipo ninapokereka tunapoyaingiza nchini kwa jumla kama mitumba, bila kuchambua. Mwaka 2003 Philip Seymour na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa nchi nyingi za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Finland walisoma sawasawa maneno ya kawaida kwa asilimia 98. Watoto wa Scotland, wanaosoma kwa Kiingereza, waliishia asilimia 34. Si kwamba watoto wa Scotland ni wazito. Maandishi ya Kifini yana desturi ya herufi moja kubeba sauti moja. Ya Kiingereza hayana. Kiswahili hakikuwa kwenye utafiti ule, lakini yeyote anayekijua anaona kiko upande gani.

Tuna irabu tano, na kila moja ina sauti yake popote ilipo. Konsonanti zetu, ukijumlisha na zile zinazoandikwa kwa herufi mbili kama ch, sh na dh, hazifiki 30. Zizidishe kwa tano unapata silabi zisizozidi 150, na silabi hizo zinabeba sehemu kubwa ya kila ukurasa. Ndiyo maana mapokeo yetu tangu zamani ni ya silabi. Kabla hata ya wamisionari na vitabu vyao, watoto wa pwani walioketi chuoni kwenye jamvi walikuwa wakizitia irabu herufi za Kiarabu, ba, bi, bu, kwa sauti moja. Shule za serikali zikaendeleza kwa herufi za Kirumi: ba, be, bi, bo, bu. Paulo Freire, mwalimu wa watu wazima, alipowafundisha vibarua wa Angicos, Brazili, mwaka 1963, alitumia njia inayofanana nayo kwa Kireno, lugha nyingine yenye silabi zilizonyooka. Mfano maarufu wa njia yake ni neno ambalo vibarua wanalijua kwa jasho lao, tijolo, yaani tofali: linakatwa ti-jo-lo, kila silabi inafunguliwa kuwa familia, ta-te-ti-to-tu, halafu watu wanaambiwa watengeneze maneno mapya kwa vipande hivyo. Kuanzia neno lenye maana, kushuka hadi vipande, kupanda tena na neno jingine: sijui darasa la Kiswahili ambalo lingeshindwa na mpango huo.

Sasa, ikiwa mambo ni mepesi kiasi hiki, mbona wapimaji wa mpango wa Uwezo, waliopita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda kupima watoto kwa silabi, maneno, aya na hadithi fupi, walikuwa wakikuta watoto wa madarasa ya juu ambao hadithi ya kiwango cha darasa la pili iliwashinda? Mbona Tanzania ililazimika kubadili mtaala wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015 ili ujikite kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu?

Sababu ni nyingi, na zile za msongamano, vitabu na njaa zinajulikana. Nitashika mbili za ndani ya usomaji wenyewe.

Ya kwanza ni wimbo. Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la kwanza, dawati la mwisho, watoto watatu kushoto kwangu wakichangia kitabu kimoja. Mwalimu anasoma sentensi ubaoni kwa fimbo, darasa linaitikia. "Juma anacheza mpira." Sauti ni nzuri, paa linatetemeka. Nikamtazama mtoto aliyekuwa jirani yangu. Kidole chake kilikuwa kwenye "mpira" wakati mdomo uko kwenye "Juma", na sentensi ilipoisha kidole kilikuwa kimeshatoka nje ya ukurasa, kiko kwenye dawati. Nikamnong'oneza, "Nionyeshe anacheza ni lipi." Akaonyesha picha ya mpira. Mtoto hakuwa mvivu, alikuwa ameshika alichofundishwa: wimbo. Neno zima, sentensi nzima, ukurasa mzima, vyote kwa masikio.

Silabi nazo hugeuka wimbo. Andika "bo" peke yake ubaoni umuulize mtoto. Wapo watakaoanza kunong'ona ba, be, bi, mpaka wafike bo. Huyo hajui "bo", anajua foleni. Anayefundishwa namna hii ana tatizo lilelile la mtoto wa kadi za Kiingereza: kakariri kitu kizima, kikichomolewa mahali pake hakitambui. Kwa hiyo mtu akijitapa kwamba sisi tunafundisha silabi na hatuna shida ya Wazungu, namuuliza tu: silabi zinaulizwa kwa mpangilio au zinachanganywa?

Ya pili ni urefu wa maneno, na hili halisemwi vya kutosha. Katika Kiingereza mtoto anaweza kukariri maneno 200 mafupi akapata nusu ya kitabu chake. Kwa Kiswahili maneno madogo yanayorudi kila mstari yapo, na, ya, wa, kwa, ni, si, hii, huyu, na ni sawa mtoto ayameze mapema. Lakini yanaisha haraka. Kazi kubwa inafanywa na kitenzi, na kitenzi chetu hakikai na sura moja. Chukua kupika. Kwa nafsi sita na nyakati nne tu, na, li, ta na me, una maumbo 24: ninapika, ulipika, atapika, tumepika. Tia anayepikiwa, ninakupikia, alitupikia, umevuka mia. Tia kukanusha, tia "aliyempikia" na "tutakapowapikia", acha kuhesabu. Hakuna boksi la kadi litakaloyamaliza. Na ukimfundisha mtoto kukisia kwa kutazama mwanzo wa neno, mwanzo wa vitenzi vyetu ni ana-, ana-, ana-. Tofauti ya "mama anapika" na "mama anapiga" ni herufi moja iliyojificha karibu na mwisho.

Ukubwa wa jambo hili unaonekana kwenye vipimo. Katika mpango wa Tusome, ulioanza kote Kenya mwaka 2015 ukimpa kila mtoto kitabu chake, msomaji fasaha alihesabiwa kuwa yule anayesoma maneno 65 kwa dakika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili kiwango kilikuwa 45. Asiyejua atadhani Kiswahili kimepewa upendeleo. Ni kwamba "walipotuona" ni neno moja kwenye hesabu, na Mwingereza angelitumia maneno manne.

Hapo ndipo ninapofikiri Kiswahili kina aina yake ya "kutambua neno", ambayo haiko kwenye vitabu vya mafunzo vilivyoandikwa London au Washington. Msomaji mzuri wa Kiswahili hatambui neno zima, kwa kuwa neno lenyewe huenda analiona kwa mara ya kwanza maishani. Anatambua vipande: wali-, -po-, -tu-, -ona. Vinamjia kwa mkupuo, kila kimoja na maana yake. Mtoto anayesoma wa-li-po-tu-o-na silabi moja moja hajakosea hata kidogo, lakini akifika mwisho amesahau mwanzo. Anahitaji hatua ya katikati, kutoka silabi kwenda vipande vyenye maana, na hatua hiyo katika madarasa mengi inaachwa ijitokeze yenyewe. Kwa wengine inajitokeza. Kwa wengine haijitokezi, na hao ndio wanaofika darasa la tano wakiwa bado wanahesabu silabi kwa kidole.

Mazoezi yake hayahitaji fedha. Andika "-nasoma" ubaoni, mbele yake ubadilishe ni, u, a, tu, m, wa, mtoto asome kila ukibadili. Kesho "a-soma", katikati uweke na, li, ta, me. Keshokutwa cheka, chekesha, chekwa, chekea. Haraka, bila wimbo, bila mpangilio unaotabirika, na kila mara umuulize nani anafanya nini. Mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani ana sarufi hii mdomoni tangu ana miaka mitatu. Unachofanya ni kumwonyesha kwamba ile ile anayoisema ndiyo iliyoandikwa.

Mahali penye mikwaruzo

Silabi zetu si zote nyoofu. M ya "mtu", "mpira" na "mke" inasimama peke yake kama silabi, na mtoto aliyezoea kwamba kila konsonanti inasubiri irabu hutaka kusema "mutu". Kuna mb, nd, nj, nz na mv, kuna ny, na kuna ng inayobadilika ikiwekewa ritifaa: ngoma, ng'ombe. Kuna hata neno "mbuni", ambalo ukilikata mbu-ni ni ndege mkubwa na ukilikata m-bu-ni ni mti wa kahawa, na maandishi hayakwambii lipi ni lipi. Haya yanahitaji muda wake, na vitabu vingi vinayapitia mbio kama vile ni mabaki baada ya ba be bi bo bu.

Majina ya herufi yanachanganya pia. Mtoto anayeambiwa hii ni "em", hii ni "a", atapata "emaema" badala ya mama. Mwanzoni afundishwe sauti, "mmm", majina yatafuata. Mtaala wa KKK wa mwaka 2015 uliliweka hili vizuri. Ni wazazi na kaka wakubwa nyumbani ndio wanaorudisha "em" usiku kwenye kazi ya nyumbani.

Halafu Kiingereza kinapoingia mapema. Mtoto wa Nairobi au wa shule ya Kiingereza Dar es Salaam anakutana siku moja na "pole", "mate" na "wake" kwenye kitabu cha Kiswahili, na maneno yaleyale, herufi kwa herufi, kwenye kitabu cha Kiingereza yakisomwa vingine kabisa. Same ni mji Kilimanjaro na ni neno la Kiingereza vilevile. Hakuna sababu ya kuogopa. Watoto wanamudu lugha mbili. Ila wanamudu vizuri zaidi wakishika kwanza maandishi yasiyodanganya. Akishajua kwamba herufi ni alama za sauti, ndipo umwambie kwamba kwa Kiingereza e ya mwisho mara nyingi haitamkwi. Ukianza na kinachodanganya, atajifunza kwamba maandishi ni bahati nasibu.

Nyumbani, kuna mambo machache yanayofaa zaidi ya boksi la kadi. Ziba picha kwa kiganja mtoto anaposoma, kisha ifunue baadaye mfurahie pamoja. Mwache asome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma mara moja moja. Aliyekariri atakwama hapo hapo. Akikwama kwenye neno, usimtajie haraka na usimwambie akisie. Mwonyeshe pa kulikata, anza na kipande anachokijua, ngoja. Ule ukimya wa sekunde tano unaotuchosha sisi watu wazima ndio wakati anaokaza fundo. Na akishaliunga, alirudie kwa ulaini kama anavyolisema, si kwa mtindo wa roboti, kwa sababu wengine huunga ka-la-mu bila kutambua kwamba wamesema kalamu.

Kuandika kunasaidia kuliko wengi wanavyodhani, maana mkono haubahatishi. Imla ya maneno matano kila siku, mawili ya jana na matatu mapya, hufichua mengi. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 utafiti wa makosa ya tahajia ya watoto wa Kiswahili, na walichoonyesha ni kwamba hata maandishi yanayofuata kanuni kama yetu hayaandikiki kirahisi, hasa pale mtoto anapotamka tofauti na kitabu. Mtoto anayesema "lafiki" ataandika lafiki, anayesema "zambi" ataandika zambi, na anayesema "apana" hataiona h. Huyu amesikiliza sauti zake akaziandika kwa uaminifu. Mbinu yake ni sahihi, kilichotofautiana ni lafudhi. Akisoma "rafiki" kwa sauti ya l na akajua ni yule anayecheza naye, mpitishe, ameshasoma. Akiandika, msahihishe, na umwambie kwa nini.